Mawe Meupe

Shuleni, upande wa Giakanja
Jumapili, 4 Mei 2025

Mjomba Yakubu mpendwa,

Shikamoo. Najua utaikataa, utasema mama haamkii mwanawe. Lakini hata kama nilipewa jina la mama yenu marehemu, mimi bado niko Fomu Tatu na wewe una mvi, kwa hivyo ipokee tu. Mimi ni mzima. Baridi imeanza mapema mwaka huu. Asubuhi tunanawa uso kwa ncha za vidole. Mama ni mzima, chapati za hoteli bado zinaisha kabla ya saa nne. Mdogo wangu Mujahid ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anasoma Alhamdu kwa mbinja. Mama hutaka kumkaripia, halafu anageukia ukutani acheke kwanza.

Nakuandikia kwa sababu simu ya shule ina foleni na kila aliye nyuma yako anasikia. Na unanijua kwenye simu. Nanyamaza mpaka mtu anafikiri laini imekatika. Kwenye karatasi huwa nina maneno.

Sasa jambo lenyewe. Ni tangi.

Najua umeshasikia kwamba samaki wote walikufa likizo ya Aprili, siku chache baada ya wageni waliokuja kumposa binamu yangu. Najua kwa sababu nilikuwa nyuma ya kaunta nikimenya vitunguu saumu Mama alipokupigia. Nilisikia upande wake tu. "Ndoo zako zimeniulia samaki." Halafu, "Takataka ya ndoo tatu na mipira, unaniambia ati ni filta!" Kisha akakata simu na akauchapa unga kama ndio uliomkosea. Tangu siku hiyo jina lako halitajwi nyumbani. Hata Mujahid amejua asilitaje.

Mama anasema Hoteli ya Bahari bila samaki ni kibanda cha chai kama vingine. Wale waliokuwa wakileta watoto siku ya soko waone samaki wa maji ya chumvi huku mlimani wameanza kwenda kwingine. Kwa hivyo anataka kuanza upya, na mara hii anataka filta ya kiwandani. Kuna kijana anaitwa Ken, ana duka la samaki wa mapambo Nairobi, amemtumia picha. Mama akaniambia, "Wewe ndiye husoma sayansi. Nichagulie. Lakini usimuulize mjomba wako."

Nakuuliza.

Ya kwanza ni mkebe mkubwa uliofungwa. Maji yanaingia kwa mpira mmoja, yanapita kwa sifongo, yanatokea mwingine. Ken anasema hiyo unafunga na kusahau. Ya pili ni tangi dogo la kioo linalokaa chini ya lile kubwa, na nikiliangalia naona ni ndoo zako zikiwa zimevaa suti. Ya tatu ni mnara mwembamba wa kutoa povu chafu. Tangi letu ni lita mia nane, unalijua, wewe ndiye uliyelileta. Nichague gani?

Kuna jambo lingine, lakini kengele imelia.

Wako,
Raudha


Kilifi
17 Mei 2025

Mama yangu mdogo,

Shikamoo yako nimeirudisha kwa posta hiyo hiyo. Shikamoo wewe.

Nimefurahi mpaka nimeisomea barua yako wenzangu wa kazi, isipokuwa pale pa takataka, hapo nilikohoa. Mimi ni mzima. Bado niko kwenye ile yadi ya samaki, kazi ni kuwatunza siku chache kabla hawajasafirishwa ng'ambo. Huku joto linaweza kukaanga yai juu ya bati. Simu yangu ilianguka ndani ya tangi la pweza mwisho wa mwezi wa nne, nikaona si haki kumnyang'anya. Nina namba mpya, iko nyuma ya bahasha. Mwambie Mujahid asiache kusoma Alhamdu, malaika wanaelewa mbinja.

Haya, filta. Usianze na mashine. Anza na mkojo, samahani kwa lugha. Samaki anakula, anakojoa, na anaishi humo humo alimokojoa. Mkojo ule ni sumu. Maji yanaweza kumetameta kama glasi ya harusi na bado yakaua. Kinachowaokoa samaki si pampu wala mpira. Ni bakteria, vijidudu visivyoonekana, wanaojishika juu ya mawe na sifongo na kuila ile sumu usiku na mchana. Kuwakuza huchukua majuma. Kwa hivyo mashine zote za Ken ni nyumba tu. Swali ni nani anaishi ndani.

Mnara wa povu ni msaidizi mzuri, hutoa uchafu kabla haujaoza, lakini peke yake hautoshi. Mkebe unafanya kazi, ila umefungwa: stima ikipotea saa nyingi, na Nyeri mvua ikinyesha stima huaga, wale vijidudu wa ndani wanakosa hewa na wewe huoni kitu.

Lakini kabla sijakuchagulia nataka kujua wale wa kwanza walikufaje. Stima ilipotea? Maji yalinuka? Samaki walikuwa wanapumuaje? Na yale mawe ya ndoo ya pili, mara ya mwisho kuyaona, yalikuwa rangi gani?

Msalimie mama yako. Au usimsalimie. Fanya unavyoona.

Mwanao mkubwa,
Yakubu


Shuleni
Ijumaa, 30 Mei 2025

Mjomba mpendwa,

Natumai joto halijakukaanga. Hapa mvua imetugeuza bata. Nilipata alama nzuri Bayolojia na mbaya Kiswahili cha kuzungumza, kwa sababu mwalimu alisema insha yangu ya mdomo ilikuwa "kimya chenye mpangilio mzuri". Darasa lilicheka. Mimi pia nilicheka, ndani.

Majibu yako ni haya. Stima haikupotea. Maji hayakunuka hata kidogo. Yalikuwa safi kuliko siku zote. Bibi mmoja wa upande wa bwana harusi, aliyetoka Kagio, alisimama mbele ya kioo akasema, "Haya maji mtu anaweza kutengenezea chai." Mama alifurahi sana. Siku ya pili yake samaki wakaanza kukaa juu juu, midomo nje, wakihema haraka. Matamvua yao yalikuwa mekundu kama yameungua. Walianza wadogo. Chifu, yule samaki mkubwa kuliko wote, alikuwa wa mwisho.

Unamkumbuka Mzee Gikonyo, yule wa kahawa, anayetoka Gatitu kila siku ya soko na kukalia kiti kile kile kinachoangalia tangi? Aliingia tukimtoa Chifu kwa wavu. Alivua kofia. Akasema, "Huyu alikuwa ananijua. Nikiingia anakuja kwa kioo, ati ananiuliza kahawa iko aje." Halafu akanywa chai yake akiangalia maji matupu, na akaacha nusu. Mzee Gikonyo hajawahi kuacha chai.

Mawe yalikuwa meupe.

Idd ya kuchinja ni wiki ijayo. Sisi Waislamu wachache wa hapa tutapewa ruhusa ya siku moja. Je, utakuja? Umekuja kila mwaka.

Wako,
Raudha


Kilifi
12 Juni 2025

Mama yangu,

Idd mubarak iliyochelewa. Sikuweza kuja, kazi ilikuwa nyingi. Natumai mlikula vizuri na Mujahid alipata mfupa wa kunyonya, kwa kuwa hana meno ya kutafuna.

Umeniambia mawe yalikuwa meupe. Asante kwa kuangalia vizuri. Hilo ndilo jibu nililokuwa nalihitaji.

Nimekaa nikafikiria, na nimeona kosa ni langu. Ndoo zangu zilikuwa ndogo mno kwa lita mia nane. Mimi fundi nilijua na nikanyamaza kwa kiburi. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya mama yako, nimemwandikia hivyo hivyo: Rukaya, ulisema kweli, nunua mashine yoyote ya Ken, mimi sina neno. Mpe utakapoenda nyumbani. Ikishasomwa yataisha.

Soma. Vaa sweta.

Yakubu


Shuleni
Jumapili, 29 Juni 2025

Mjomba,

Salamu nyingi. Tumerudi leo kutoka mapumziko ya katikati ya muhula. Wote wazima.

Karatasi yako ninayo. Imetoka shuleni hadi nyumbani na kurudi ndani ya soksi yangu, imeanza kulegea. Sijampa.

Nilikuwa nimeamua kumpa. Niliingia Alhamisi jioni, nikakuta Mama ameshazitoa ndoo zako chini ya tangi. Moja ameloweka maharagwe. Mbili ziko uani, zinangoja mtu wa kuzichukua. Nikaenda chumba cha nyuma kuvua viatu. Juu ya kitanda chako kuna shuka zako, zile za maua ya bluu, zimekunjwa. Nikamuuliza Mujahid kwa nini ziko hapo. Akasema, "Zilifuliwa kabla ya Idd. Nilitaka kujifunika, Mama akasema nisiguse." Basi ile karatasi ikanichoma mguuni. Nilikaa na soksi mpaka kesho yake.

Mjomba, ndoo zako hazikuua samaki. Ni mimi.

Unajua Mama akingoja wageni. Sufuria zinasuguliwa kwa majivu hadi chini, hata upande ambao moto utaurudishia weusi kesho yake. Mapazia, madirisha, nyuma ya friji. Akanipa jiki, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, na brashi, akasema, "Hata pale pasipoonekana. Wakwe wakitaka kukujua hufungua kabati." Nikafungua kabati ya chini ya tangi.

Nikaona uchafu. Sifongo ilikuwa na utelezi kama bamia. Mawe yalikuwa yamevaa kitu cha kahawia. Niliona aibu kwa niaba yako. Nikazima pampu, nikabeba kila kitu hadi bombani, nikaloweka kwa jiki, nikasugua jiwe moja moja, nikasuuza mara tatu na kuanika juani. Yalikuwa mazuri, Mjomba. Yaling'aa kama meno. Nikayarudisha na sikumwambia mtu, kwa sababu nilitaka Mama ayakute mwenyewe ashangae.

Halafu samaki wakafa na Mama akakupigia simu, na nilikuwa na kitunguu mkononi, na sauti haikutoka. Sikuwa na hakika wakati ule, lakini mtu hujua. Ulipoandika habari za vijidudu nilisoma barua yako mara nne nyuma ya bweni, na mara ya nne nikakaa chini. Niliwaua kwanza wasioonekana, ndipo wanaoonekana wakafuata.

Si kwamba naogopa kuchapwa. Mama hachapi. Naogopa zile sekunde baada ya kusema, kila mtu akinitazama na mimi bado nina uso wangu, sina pa kuuficha.

Sasa umeandika uwongo kwa mwandiko wako mzuri ili yaishe. Nikimpa, yataisha kweli: utakuwa umekubali, naye atakuwa na haki, na hutakuja tena. Nisipompa, anazigawa ndoo. Sijui nifanye nini. Ulijua?

Raudha


Kilifi
10 Julai 2025

Mama yangu, mpenzi wa mwanawe,

Nilijua.

Jiwe la filta likiwa hai haliwi jeupe. Likiwa jeupe, kuna mtu amelipenda kupita kiasi. Nikajiuliza ni nani pale nyumbani anaweza kusugua jiwe moja moja na kulisuuza mara tatu, tena kimya. Sikuhitaji kufikiria muda mrefu.

Nami nina yangu ya kusema, usidhani ungamo ni lako peke yako. Kwanza, kosa langu ni la kweli, ingawa si lile nililoandika. Nilipounda filta ile niliifungia kabatini na kuwaambia "hapa hakuna wa kugusa", nikajifanya mganga mwenye siri. Nilipenda mshangae. Sikumwambia mtu yeyote kwamba ule uchafu ndio filta yenyewe. Mtoto aliyelelewa na Rukaya akiona utelezi ataacha kuuosha? Mimi ndiye niliyepaswa kujua hilo.

Pili, Idd. Nilikwambia kazi. Sikuwa na kazi, nilikuwa na tiketi. Nilifika hadi kwenye basi na mfuko wa tende. Wakaita majina, nikajiona nikiingia hotelini na Rukaya akinitazama mikono kama ya aliyemuulia samaki. Nikarudi chumbani nikala tende zile siku tatu, mpaka tumbo likanisomea hotuba.

Na la tatu, ambalo Rukaya mwenyewe pengine amelisahau. Zile ndoo si ndoo tu. Kabla hoteli haijawa na ukuta, sisi wawili tulikuwa tunabebea uji ndani yake alfajiri kwenda kuuza sokoni. Yeye mbili, mimi moja, kwa sababu nilikuwa mdogo na ninalia. Ndiyo maana niliziweka chini ya tangi lake. Alipoziita takataka, hilo ndilo lililoniuma. Samaki wanaweza kununuliwa wengine.

Karatasi ile ichome. Sitamwambia mama yako, si langu la kusema. Wala sitakulazimisha. Ukiweza, sema. Usipoweza, bado wewe ni mama yangu na mimi nitaendelea kukutumia shikamoo.

Kuhusu filta, sasa naweza kuchagua. Chukua ile ya tangi dogo la kioo chini, na mnara wa povu ukae ndani yake. Mkebe si mbaya. Lakini Rukaya haamini kitu asichoweza kukifungua na kukiona, na damu yake mnayo nyote. Afadhali apaone wanapoishi wale vijidudu, hata kama wenyewe hawaonekani.

Yakubu


Shuleni
Jumapili, 20 Julai 2025

Mjomba mpendwa,

Natumai tumbo limemaliza hotuba. Mimi ni mzima, ingawa sijalala vizuri, na utaona kwa mwandiko.

Jana ilikuwa siku ya wazazi kututembelea. Uwanja ulijaa shuka na hotipoti. Mama alikuja na pilau, na Mujahid akaja na jino moja linalochungulia. Nilikuwa nimefanya mazoezi wiki nzima, bafuni, mbele ya ukuta. Walipofika maneno yote yakaingia chini ya shuka. Nikala pilau sahani mbili ili mdomo uwe na kazi.

Mama akasema, "Ken anataka jibu. Umechagua?"

Nikasema, "Ni mimi niliyeosha."

"Umeosha nini? Sweta? Naona bado ina doa."

"Mawe. Ya filta ya mjomba. Kabla ya wageni. Kwa jiki." Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilitoka. "Ule uchafu ulikuwa unafanya kazi. Nikauua. Ndoo hazikuwa na makosa."

Mujahid akauliza, "Kwani mawe yanakufa?"

Zile sekunde zilikuja, Mjomba, zile ninazoogopa, na Mama alikuwa ananitazama na mimi bado nilikuwa na uso wangu. Akafunga hotipoti. Akaifungua tena, akaangalia pilau kama imesema kitu.

"Jiki ulitoa wapi?"

"Ulinipa."

"Nilikwambia uoshe wapi?"

"Hata pale pasipoonekana."

Kwenye shuka ya jirani baba mmoja alikuwa anamuuliza binti yake habari za Hisabati. Kisha Mama akasema polepole, "Na mimi nilimwambia Yakubu nini?" Nikamwambia lile la uji tu. Yeye mbili, wewe moja. Akasema, "Alikuwa anaumwaga. Kila asubuhi nusu inaishia barabarani, na analia ati nimembebesha kubwa." Akapangusa macho kwa ncha ya leso yake na kusema ni pilipili. Pilau ya Mama haina pilipili.

Halafu akasema jambo ambalo sikulitarajia. "Amenifungia simu. Napiga tangu kabla ya Idd, mwanamke yule wa mitambo ananiambia haipatikani. Nikasema sawa, ndugu yangu amenichoka."

Mjomba! Nilimwambia habari za pweza. Alicheka mpaka wazazi wengine wakageuka. Namba yako ninayo tangu Mei, nyuma ya bahasha, na sikuwahi kumpa kwa sababu angejua nimekuuliza. Nimemwandikia namba kwenye kiganja chake kwa kalamu yangu.

Simu ikilia, usiitumbukize majini.

Raudha


Kilifi
26 Julai 2025

Mama yangu,

Alipiga jana. Dakika nzima hakuna aliyesema, nikadhani ni wewe.

Kisha akaniuliza nimekula nini. Nikamwambia. Akasema hicho si chakula. Tukaongea hayo mpaka salio likamwishia, akanunua jingine, akapiga tena kuniuliza nalala na nini na kama huku kuna mbu. Samaki hawakutajwa. Pole hakuna aliyesema, sisi si watu wa hivyo. Mwisho kabisa akasema, "Na ndoo zako zote sasa zina maharagwe yangu. Njoo uzitoe."

Nakuja mtakapofunga shule. Naleta mawe mapya, na machache yenye uhai ya kuyaanzishia, ndani ya magunia yaliyolowa, na njiani nitayanyunyizia maji kama maharusi. Wewe ndiye utakayeyapanga. Nataka mikono ile ile.

Yakubu


Nyeri
Jumapili, 24 Agosti 2025

Mwanangu Yakubu,

Marahaba. Umeona? Nimeizoea.

Natumai ulifika salama na chapati hazikuishia njiani. Tangu uondoke nyumba imekuwa kubwa. Mujahid anauliza kila siku kama umefika Kilifi, kana kwamba unatembea kwa miguu. Jino la pili limetoka na mbinja imeisha, Mama anaikosa.

Tangi linaendelea. Maji yanashuka kwenye lile dogo la kioo, yanapita kwa mawe, yanaingia kwa ile ndoo yako moja uliyoikata, yanapanda juu. Mnara unatoa povu la rangi ya chai. Yule kamba wa baharini uliyemwacha ndani aoze, awe chakula cha vijidudu, Mama bado hajamsamehe. Kila asubuhi anasema, "Ndugu yangu amenitilia kitu kioze hotelini, na mimi nimekubali." Lakini hamtoi. Kuna majuma kadhaa kabla ya samaki wa kwanza, na watu hawaelewi. Wanaingia, wanaangalia maji na mawe, wanauliza samaki wako wapi. Mama anawajibu akiwa anakunja chapati, "Wako. Ni wadogo sana. Kaeni mnywe chai." Mzee Gikonyo amerudi kwenye kiti chake. Anasema hata kama hawaoni, anahisi wanamwona.

Sasa nikwambie la jana. Ilikuwa siku ya soko, watu wamejaa. Sophie, yule jirani anayetusaidia kuosha vyombo, aliona kabati imeachwa wazi. Ana moyo mzuri. Alipiga magoti na kitambaa na ndoo ya sabuni, akaingiza mkono, akashika jiwe la kwanza. Mimi nilikuwa upande wa pili na trei ya vikombe.

Nilipiga kelele. "Usiguse!"

Mjomba, hoteli nzima ilinyamaza. Chai ilisimama hewani. Watu wote walinitazama, wa Gatitu, wa Giakanja, wote, na Sophie akabaki na jiwe mkononi kama ameiba. Nikamwendea. Nikachukua jiwe nikalirudisha, nikamwomba msamaha, halafu, kwa kuwa bado walikuwa wananitazama, nikawaeleza. Mkojo, sumu, vijidudu, kila kitu. Na jiki. Nikasema ni mimi niliyeosha ya kwanza. Nilisema mpaka mwisho.

Mzee Gikonyo akasema, "Kumbe huyu msichana yuko na sauti," akarudia chai yake, na kelele za kawaida zikarudi.

Mama alikuwa mlangoni mwa jikoni na mwiko. Jioni, tulipokuwa tunafunga, alikuja akapiga magoti mbele ya kabati, akawasha tochi ya simu na kuchungulia. Nikapiga magoti kando yake. Alikaa hapo muda mrefu kwa mtu ambaye bado hajapangusa meza.

"Ona hili la nyuma," akasema, kwa ile sauti aliyotumia siku alipoona jino la Mujahid. "Limeanza kuwa kahawia."

Ni mimi mama yako,
Raudha